Kitete Kiko Ndani, Wenyewe Wako Getini

Kwenye maktaba ya chuo nilichokiacha kuna kabati la kioo, na ndani ya kabati hilo kuna kibuyu kidogo chenye shingo nyembamba. Kina ufa mrefu ulioshonwa kwa uzi wa buluu, ule wa nailoni unaofumuliwa kwenye magunia. Chini yake kuna kadi imeandikwa: "Kitete. Kamba. Kibuyu cha kienyeji." Basi, hakuna kingine. Kadi hiyo niliiandika mimi. Kibuyu nilikileta mimi. Na kama kuna neno la heshima kuliko "niliiba" kwa jinsi kilivyofika pale, bado nalitafuta.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza. Mhadhiri mmoja alituambia kila mtu alete kitu cha zamani kutoka kwao, alama kumi. Mimi nilipanda matatu hadi kwa Susu, yaani nyanya yangu, Makueni, ukipita Wote upande wa Kathonzweni. Kitete kilikuwa kimening'inia kwenye msumari jikoni, kimepakwa moshi wa miaka. Nikamwomba aniazime. Akaniuliza, "Kitarudi lini, mwana wakwa?" Nikasema muhula ukiisha.

Muhula uliisha. Maktaba ikavipenda vile vitu, ikaomba vibaki vionyeshwe, na mimi nikatia saini fomu bila kumpigia mtu simu. Ati naachia vizazi vijavyo. Miaka miwili baadaye karo ilinishinda nikarudi nyumbani, kitete kikabaki. Kwa hiyo kati yetu wawili, aliyekaa chuoni hadi mwaka wa nne ni kibuyu.

Siku hizi naandika maelezo ya bidhaa kwa maduka ya mtandaoni. Viatu, mapazia, vikaangio. Mtu ananitumia picha na bei, mimi namrudishia mistari mitatu ya kukaa chini ya picha. Nalipwa kwa maneno, kwa hiyo najua thamani ya neno moja kuliko nilivyojua nikisoma. Na ndiyo sababu mwezi wa tatu, binamu yangu ambaye bado anasoma pale aliponitumia picha ya lile kabati na ujumbe "Si hii ni kitete ya Susu?", kilichonichoma kwanza kilikuwa ile kadi. Kikaangio cha shilingi mia nane nakiandikia maneno arobaini. Susu nilimwandikia matano, na jina lake halimo.

Nilienda. Getini soja aliangalia kadi yangu ya mwanafunzi, ikiwa imeisha miaka mingi, akanirudishia kwa upole. "Madam, hii haiwezi. Kuna mtu wa kukuona ndani?" Nikamwambia nataka kuona kibuyu cha nyanya yangu. Akacheka, si kwa ubaya, akasema maktaba ni ya wanafunzi na wafanyakazi. Simlaumu. Yeye ameajiriwa kulinda vitu vilivyomo ndani, na hakuna aliyemwambia kwamba baadhi ya vitu hivyo vina ndugu nje.

Njiani nikirudi ndipo swali lilinijia vizuri. Ni haki chuo kikuu kuweka vitu vya kale vya watu kwenye maktaba yake? Nilikuwa na hasira, na hasira ina jibu la haraka: hapana, rudisheni kila kitu. Lakini nimekaa na swali hili wiki kadhaa na jibu hilo limeanza kunipotea.

Kwa sababu tuseme ukweli. Nyumba ya Susu ina mchwa. Mjomba wangu aliuza kiti cha marehemu babu, kile cha miguu mitatu cha mti mmoja, kilichopambwa kwa nyaya nyembamba za shaba zilizopigwa ndani ya mbao. Alimuuzia mtu aliyepita na pikipiki akinunua "vitu vya zamani" nyumba kwa nyumba, na pesa yenyewe haikununua hata mbuzi. Hicho kiti sasa sijui kiko sebule gani. Kama kingekuwa kwenye maktaba, hata kwenye kabati lililofungwa, ningejua pa kwenda kugombana.

Halafu kuna wale wanafunzi wenyewe. Nusu ya darasa letu walizaliwa Kitui na Makueni na hawakuwahi kuona kilumi ikichezwa, wala kushika upinde. Mimi mwenyewe nilijua neno kyondo, lakini kwamba zamani kamba yake ilisokotwa kwa nyuzi za mbuyu nilisoma pale pale kwenye kabati, kadi ya msichana wa kutoka Mwingi. Yeye aliandika vizuri kuniliko. Nilisimama nikasoma mara mbili, halafu nikapanda juu kutafuta kitabu. Hiyo ndiyo faida ya maktaba juu ya jumba la makumbusho: kitu kikikuuliza swali, jibu liko ghorofa ya pili.

Kenya tuna mfano wake mkubwa. Nenda Moi Avenue, Nairobi, kwenye jengo la nyaraka za taifa karibu na sanamu ya Tom Mboya. Chini, ukiingia tu, unakutana na mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais: vinyago, vito, silaha, viti, kutoka karibu kila pembe ya Afrika. Juu yake watu wamekaa wanapekua mafaili ya kikoloni. Na hakuna anayekuuliza unasoma chuo gani. Unalipa kiingilio, unaingia. Nimekaa pale mchana mzima nikiwa sina kazi, karibu na mama mmoja aliyekuwa na mfuko wa mboga, akimwonyesha mtoto viti vya wazee.

Kwa hiyo kuweka si kosa. Nilitaka sana liwe kosa, lakini sivyo.

Kinachonisumbua ni wenyewe. Na hapa nina kisa kimoja ambacho kila mtu anayefikiria kufungua kabati la kioo anafaa kukijua. Mwaka 1985, mwanaanthropolojia kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee wa Kimijikenda aliyeitwa Kalume Mwakiru. Mzee amesimama karibu na vigango viwili, nguzo za mbao zilizochongwa, alizowasimamishia ndugu zake wawili waliokufa. Kigango si pambo. Ni mahali pa marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu, na kikishasimamishwa hakihamishwi ovyo. Haikuchukua muda, vyote viwili vikaibwa. Miaka baadaye Udvardy na mwenzake Linda Giles wakavigundua Marekani. Kimoja kilikuwa kwenye makumbusho ya jimbo la Illinois. Cha pili kilikuwa kwenye makumbusho ya chuo kikuu: Hampton, kule Virginia.

Hampton si chuo cha wakoloni. Kilianzishwa mwaka 1868 kuwasomesha Waamerika weusi waliokuwa wametoka tu utumwani. Kama kuna chuo duniani ambacho kingestahili kuaminiwa na vitu vya Waafrika, ni hicho. Na bado kigango cha ndugu yake Kalume kilikuwa pale, kimefika kwa njia ya soko la sanaa, bila mtu kujua ni cha nani. Nikisoma kisa hiki huwa najiona mimi nikiwa na kitete kwenye mkoba. Nia njema haikuwa kitu nilichokosa.

Vigango hivyo viwili vilirudi. Kufikia mwaka 2007 familia ilikuwa imevipokea, ingawa mzee Kalume mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Vilirudi kwa sababu ya picha moja na majina yaliyoandikwa pamoja nayo. Sasa linganisha na vigango 30 ambavyo jumba la makumbusho la Denver liliviachilia virudi Kenya mwaka 2019. Wale watu pia walitaka kufanya haki. Lakini hakukuwa na majina. Vikarudi kwa nchi, na nchi haina ndugu waliokufa wanaosubiri nguzo zao pale kijijini.

Ndiyo nikasema kadi ni nzito kuliko kioo. Ukiandika "Kamba", umempa kila mtu na hujampa mtu yeyote. Wakamba tuko mamilioni. Nani kati yetu ataenda getini aseme hiki ni chetu? Gerhard Lindblom, Mswidi aliyezunguka Ukambani miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika kitabu kinene kutuhusu, hadi vitendawili, na baadaye akawa mkurugenzi wa makumbusho ya ethnografia Stockholm. Tunamlaumu kirahisi, yeye na wenzake. Mradi mmoja wa watafiti na wasanii wa Kenya na Ujerumani ulihesabu zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyoko kwenye taasisi za Ulaya na Marekani. Mwaka 2021 waliweka maonyesho kwenye makumbusho ya taifa Nairobi, na ndani yake kulikuwa na makabati matupu ya kioo. Nakumbuka picha za makabati hayo zilivyosambaa, na mimi pia nikaandika maneno makali kwenye simu kuhusu wazungu. Wakati huo kitete cha Susu kilikuwa kwenye kabati letu, saa chache tu kutoka kwake, na kwa Susu tofauti ya Stockholm na pale ilikuwa nauli. Hata nauli angeipata, soja angemuuliza kadi.

Hili la geti linanikera zaidi nikifikiria vyuo vyetu vilitoka wapi. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza, njia ya Machakos kwenda Kitui, kilipewa hati mwaka 2013, lakini mbegu yake ni Ukamba Agricultural Institute, moja ya zile taasisi za Harambee za miaka ya 1970. Harambee, wanangu, maana yake ni mbuzi wa watu. Vizazi vyetu vilitoa shilingi wakiwa hawana, ili watoto wasome. Chuo cha umma chochote katika nchi hii, hata kisichokuwa na historia hiyo, kinaendeshwa kwa kodi ya mtu anayeuza maembe Wote. Sasa mtu huyo akiambiwa alete pia kibuyu chake, halafu asimame nje, hesabu hiyo haikubali.

Najua utaniambia: maktaba si soko, wanafunzi wanataka utulivu, vitabu vinaibwa. Kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nawanyamazisha watu kwa macho. Lakini siku moja kwa mwezi? Kabati lile lisogezwe karibu na mlango, kabla ya pale pa kukagua kadi? Mambo haya hayahitaji ufadhili wa nje.

Na kuna vitu ambavyo hata geti likiwa wazi havifai kuwekwa. Darasani kwetu kulikuwa na kijana aliyetaka kuleta kithitu. Kwa asiyejua: ni chombo cha kiapo. Wakamba waliapa kwacho kesi zilipokuwa hazina shahidi, na anayeapa uongo anaaminika kufa, yeye na hata watu wake. Hakikai nyumbani, kinafichwa mbali na boma. Kijana alikuwa na mpango mzuri, angepata alama zote kumi. Mama yake akamwambia kwa simu kwamba akikigusa asirudi nyumbani. Tulicheka sana hosteli. Ati mama anaogopa kijungu.

Sasa sicheki. Si kwamba naamini kitaniua. Sijui naamini nini. Ila kazi ya kithitu ni kuogopwa, na huwezi kuogopa kitu ulichopiga nacho selfi. Ukikiweka chini ya taa ukaandika "chombo cha kiapo", umeonyesha umbo lake ukaua kilichokifanya kiwe hicho. Nikitaka kujua jinsi wazee wetu walivyotafuta ukweli kesi isipokuwa na shahidi, niandikie ukurasa mzima, nitausoma. Si lazima nione.

Mtu anaweza kuniuliza kama kuficha si ndiyo hicho hicho ninacholalamikia. Hapana. Fikiria Ngadji, ngoma kubwa ya Wapokomo wa mto Tana. Ilichukuliwa na Waingereza mwaka 1902 na iko British Museum hadi leo, ghalani, haionyeshwi. Kwao pia haikuwa ya kuonwa na kila mpita njia. Imefichwa huku, imefichwa kule. Lakini kule ilifichwa na wenyewe, na walijua iko wapi.

Kurudi kwa kitete. Nilimwandikia msimamizi wa maktaba barua pepe. Nilitubu kila kitu: fomu, alama kumi, kadi. Nikaomba mambo mawili: Susu aruhusiwe kuingia, na kadi ibadilishwe. Nikampigia Susu pia, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko barua. Nilitegemea atanikaripia. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Zile mbegu mlizitoa?"

Mbegu gani?

Kitete kile, kumbe, hakikuwa cha uji wala cha maziwa. Kilikuwa cha mbegu. Ndani alikuwa ameweka nthooko, kunde za aina moja ndogo nyekundu alizopewa na mama mkwe wake, zimechanganywa na majivu na kuzibwa kwa kigunzi cha hindi. Nilipokibeba kwenye matatu kilikuwa kinalia kama kayamba na mimi nikadhani ni uchafu wa ndani. Alikuwa ananiambia muda wote, ati, "Kitarudi lini?" na mimi nikisikia swali kuhusu kibuyu. Alikuwa anahesabu mvua. Kwetu mvua ya kutegemewa ni ile ya kuanzia Oktoba, na mwaka ule alipanda kunde za kununua sokoni.

Na uzi wa buluu? Nilikuwa nimejiandikia kichwani hadithi tamu, mikono ya Susu ikishona. Akasema hapana, aliyeshona ni babu, kwa sababu yeye ndiye aliyekiangusha, akiwa amekunywa kaluvu. Alicheka hadi simu ikakata.

Msimamizi alijibu baada ya siku nne. Sikutegemea. Barua fupi, ya mtu mwenye kazi nyingi. Susu anakaribishwa siku yoyote ya kazi, aje na kitambulisho cha taifa, jina litaachwa getini. Kadi inaweza kubadilishwa, lakini nafasi ni maneno thelathini. Kuhusu mbegu, alieleza kwamba kitu chochote cha mmea kikiingia maktaba lazima kisafishwe kwanza, maana fukusi wakizoea kibuyu kesho watahamia wapi, na vitabu viko pale pale. Kwa hiyo zilitolewa siku ya kwanza. Hazikutupwa. Ziko kwenye bahasha, ndani ya droo, imeandikwa namba ya kitete na maneno "vilivyokuwa ndani". Akauliza kama tunazitaka, au tungependa zionyeshwe pamoja na kibuyu.

Nimejaribu ile kadi mara kumi na moja. Nikiweka jina la Susu, la mama mkwe wake, kunde, majivu, na babu aliyekiangusha akakishona, nafika maneno thelathini na saba. Kaluvu nimeitoa. Babu nimekataa kumtoa.

Susu nimemsomea bahasha kwa simu. Nikamweleza pia kwamba mbegu za miaka mingi hivi huenda hazitaota. Akaniuliza mimi nimelima lini. Halafu akasema kibuyu wakae nacho kwa sasa, atakuja kukiona akipona magoti, ila bahasha niilete mwenyewe, isitumwe na matatu, na iwe imefika kabla ya Oktoba.